Aliyejibu Hodi ya Fundi Kartar

Mpendwa Fundi,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu sisi wawili hatukuwahi kuzungumza lugha nyingine, na kwa sababu binti yako Jasbir, ambaye akisikia Kiswahili anakielewa vizuri, hawezi kukisoma. Ninalotaka kukueleza sitaki alisome. Umetutoka wiki tano sasa. Kabla ya hapo nilikuwa na miaka kumi na mmoja ya kukwambia jambo hili uso kwa uso, na kila mara nilipata kisingizio. Mara chai inapoa, mara basi linakuja, mara mkeo, Mama Jasbir, yuko karibu anasikia. Wewe ulizoea kuniita mwoga wa ngazi ndefu. Kumbe ngazi ilikuwa jambo dogo.

Ni kuhusu ile nyumba. Ni kuhusu sauti uliyoisikia kwenye bomba, wiki ile ulipoamua kumwita mkeo na mtoto waje Birmingham.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa sebuleni napiga plasta, peke yangu, nikasikia mtu nyuma ya nyumba akipaza sauti: "Hodi! Hodi jamani!" Nilidhani baridi imeshaniingia kichwani. Nilikuwa na miezi minane Uingereza bila kulisikia neno hilo kutoka kinywa cha mtu. Nilikimbia hadi mlango wa jikoni nikakuta Kalasinga mrefu, kilemba cha buluu, sanduku la vifaa mkononi, umesimama kwenye theluji unangoja uruhusiwe. Nilishindwa kusema karibu, nikabaki nacheka. Ukanitazama kutoka juu hadi chini, plasta imenijaa hadi nyusi.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Bungoma."

"Basi Bungoma, jibu hodi. Mimi naganda hapa."

Tangu siku hiyo ulikuwa fundi wa mbao na mimi fundi wa plasta katika nyumba moja, na mchana tulikaa juu ya ndoo zetu jikoni tukila chapati zako. Frank, msimamizi wetu Mwingereza, alikuwa akipita anatikisa kichwa. "What are you two on about now?" Wewe ulimjibu kila mara kwa heshima kwamba tunajadili kazi, na kwa kawaida tulikuwa tunamjadili yeye.

Nyumba yenyewe ilijengwa enzi za Malkia Viktoria na mtu aliyetajirika kwa kutengeneza nibu za kalamu. Nilipokusimulia kwamba nilichapwa viboko shuleni kwa kuvunja nibu iliyotoka mji huu huu, ulisema tumtafute mwenyewe tumrudishie viboko vyake. Alikuwa ameshakufa miaka mingi. Binti yake wa mwisho aliishi humo peke yake hadi uzee, hakubadili kitu, na alipofariki akawaachia watu wa chama kinachohifadhi majumba ya kale. Mitaa ya chini ilikuwa inabomolewa safu kwa safu. Ile moja ndiyo iliyoamriwa ibaki, irudishwe vilevile alivyoiacha baba yake.

Matofali yake yalikuwa mekundu, na juu ya madirisha palikuwa na nyuso sita za udongo wa kuchoma. Wewe ndiye uliyegundua kwamba hakuna hata uso mmoja uliotazama barabarani. Zote zilitazama chini mlangoni, kwa anayeingia. Baada ya kunionyesha hivyo sikuweza tena kuutumia mlango wa mbele kwa raha, na nilishukuru kwamba Frank alituamuru tupite nyuma.

Ndani zilikuwa nyumba mbili katika moja. Palikuwa na ngazi pana ya mwaloni, ya wenyewe, na ngazi nyembamba iliyojificha ukutani, ya watumishi. Katikati ulikuwepo mlango uliovikwa kitambaa kizito cha kijani ili kelele za jikoni zisiwafikie wakubwa. Jikoni kulikuwa na ubao wenye kengele tisa, kila moja na jina la chumba chini yake. Ulisema, "Wanyonyi, hawa watu walijenga nyumba ili wasionane." Hilo lilikuchekesha mwanzoni. Baadaye, alasiri za Januari saa tisa giza linapoanza kuingia, na sisi wawili tu kwenye jumba lile, hukulisema tena.

Siku niliyobomoa dari ya chumba cha kulia nilikuita uje uone. Ndani ya plasta kulikuwa na fito, zimepangwa sambamba na kugongomewa, na chokaa yake ilikuwa imechanganywa na manyoya ya ng'ombe. Nilikwambia, huyu bwana wa nibu amejenga kama babu yangu. Babu alitumia fito na udongo na mavi ya ng'ombe. Huyu fito na chokaa na manyoya ya ng'ombe. Ulicheka mpaka ukashika meza. Ukasema kwamba kama ingekuwa Bungoma, Wazungu wangeiita kibanda. Zile zilikuwa siku nzuri, Fundi. Nataka ujue kwamba nazikumbuka hizo kwanza.

Halafu ile desturi yako. Hukuingia chumba chochote mle bila kupiga hodi. Mara tatu, unangoja, kisha unaingia kwa mguu wa kulia ukisema taratibu, "Fundi anaingia." Mimi nilikudhihaki. Nyumba tupu, nani akujibu? Ulinieleza kwamba ulianza kazi Kisumu na baba yako, mkitengeneza milango katika nyumba za kila aina ya watu, na baba yako alikufundisha kwamba fundi huingia mpaka chumbani mwa watu, kwa hiyo lazima awe na adabu kuliko mgeni mwingine.

"Kama haina mtu, si kusema haina mwenyewe," uliniambia. "Na ukisikia hodi, usijibu ovyo. Anayesema karibu, mgeni ni wake. Mgeni akianguka kwa ngazi, ni yeye ataulizwa."

Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu mawili. Siwezi kusema sikuonywa.

Chumba kilichonisumbua ni kile cha juu kabisa, cha watoto. Kilikuwa na vitanda vitatu vya chuma na dirisha lenye nondo. Kwenye mwimo wa mlango yalikuwepo yale maandishi ya penseli, vimo vya watoto watatu, mstari juu ya mstari kila mwaka. Mmoja alipanda hadi usawa wa bega langu. Wawili waliishia chini, karibu na kiuno, mwaka ule ule, mwezi ule ule. Hukuyafuta. Ulipopiga msasa mwimo ule uliyazunguka kwa mkono, kidogo kidogo, ikakuchukua siku nzima. Mle ndani baridi haikuwa ya dirishani. Nilikagua kila ufa kwa kibiriti na moto haukutikisika, lakini vidole vyangu vilikufa ganzi.

Ukutani mwa chumba hicho lilitokeza bomba la kusemea. Yaya alipotaka maziwa ya watoto aliongea juu, mpishi akasikia jikoni. Lilikuwa bomba jembamba linalopita ndani ya kuta ghorofa zote, mdomo wa shaba huku na mdomo wa shaba kule. Lilikuwa zima kabisa. Ukinong'ona juu, jikoni sauti inatoka karibu na sikio.

Sasa nifike kwenye Februari ile.

Kibali chako cha kazi Nairobi kilikuwa kimeisha na hukupewa kingine. Fundi aliyezaliwa Kisumu, unaambiwa urudi kwenu, na hujui kwenu ni wapi. Hapa nako magazeti yaliandika kila siku kwamba Wahindi wa Kenya ni wengi mno, sheria inakuja, mlango utafungwa. Mama Jasbir na mtoto walikuwa bado Nairobi, kwa dada yake, wanangoja neno lako. Kaka yako wa Kanada naye alikuwa anakuita. Kila mchana ulinisomea barua ya mkeo na kila mchana ulikunja karatasi bila kuamua. Ulisema, "Nchi moja imeniambia toka. Hii ingine hata haijaniambia ingia. Mimi nitaleta mtoto mahali hakuna mtu amesema karibu?" Nilikuwa kijana, nikaona huzuni yako imezidi, na mtu mjinga akiona huzuni imezidi hutafuta mzaha.

Jumanne nilikuwa jikoni naziba ukuta kuzunguka mdomo wa bomba. Ulikuwa umepanda juu kufunga dirisha la watoto. Nikasikia hodi yako ikishuka ndani ya ukuta, ndogo, wazi. Hodi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nikaweka mdomo kwenye shaba, nikaifanya sauti yangu kuwa nyembamba ya kizee, nikanong'ona, "Karibu. Karibu ndani, fundi."

Nilijibana mbavu nikingoja nisikie ukipiga kelele au ukikimbia. Hukufanya lolote. Baada ya muda mrefu nikasikia nyundo yako.

Uliposhuka kula nilikuwa nimejiandaa kukucheka wiki nzima. Lakini ulikaa juu ya ndoo yako, ukafungua chapati, ukazitazama, na macho yako yalikuwa yamelowa. Midomo ilikuwa inakutetemeka. Nikaona nimegusa kitu kisichochezewa. Nikasema moyoni nitamwambia kesho, na kesho sikukwambia.

Nilipokuona tena ilikuwa Jumatatu. Ulikuwa mtu mwingine, umenyooka, unapiga randa na kuimba. Ukaniambia umemwandikia Mama Jasbir aje upesi, yeye na mtoto, kabla mlango haujafungwa. "Nimeambiwa karibu, Wanyonyi," ulisema, ukanikazia macho kama mtu anayengoja mwenzake aongeze neno. Nilitazama ndoo yangu ya plasta.

Walifika kabla ya sheria kupita. Mlipata vyumba viwili Bordesley Green, karibu na hospitali, na Jumapili moja ya masika uliwaleta waione kazi yako. Mama Jasbir alifurahia vigae vya rangi na vioo vya mlangoni, akaigusa ngazi ya mwaloni uliyoitengeneza. Tulipofika juu kabisa alisimama kwenye mlango wa chumba cha watoto. Hakuna aliyekuwa amemsimulia chochote. Alitazama vile vitanda vitatu, akamshika Jasbir mkono, akageuka.

"Huyu anakaa hapa amezoea watoto," alisema. "Twende chini."

Ulicheka ukamwambia hakuna anayekaa pale. Mimi sikucheka. Nilijua sauti ilikuwa yangu, hakuna siri kwenye bomba lile isipokuwa upumbavu wangu, na bado nilishuka ngazi ile nikiwa wa mwisho huku mgongo ukinisisimka.

Kifua cha Mama Jasbir kilianza kumsumbua majira ya baridi ya pili. Ya tatu hakuyamaliza. Nilikuja hospitalini nikakukuta umekaa kwenye kiti cha mbao na kilemba kimelegea, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Siku ya kuuchoma mwili wake, kwa desturi yenu, nililia mpaka watu wakanitazama, wanawake wa Kipunjabi wakaulizana huyu Mwafrika ni nani wa marehemu. Ulinishika bega. "Wanyonyi, wewe unalia kuliko mimi. Nyamaza. Si wewe ulileta baridi." Fundi, nusura nilitoe lote pale pale. Nilikuwa nimekusikia ukisema kwamba anayesema karibu ndiye ataulizwa, na mimi ndiye niliyesema. Nilimwita mwanamke yule kwenye nchi iliyomuua, kwa mzaha, nikiwa nimeinamia mdomo wa bomba. Miaka minane nimelala na neno hilo na kuamka nalo.

Sikukutembelea vya kutosha baada ya hapo. Ulidhani nina shughuli. Nyumba ilimalizika, ikafunguliwa kwa wageni, mimi nikaenda kupiga plasta shule na ofisi, wewe ukachukua kazi kwenye kiwanda kimoja Tyseley. Tulipokutana mjini uliniuliza nimeoa lini, ukanitania mvi zangu, na mwisho wa maongezi ulinitazama, kana kwamba kuna kitu umekisahau. Nilidhani unamkumbuka marehemu. Nilikuwa wa kwanza kuaga kila mara.

Januari hii moyo wako ukasimama, na wiki iliyopita Jasbir alikuja hapa kwangu Lozells kunitafuta. Amekuwa mtu mzima. Ana urefu wako na namna ya mama yake ya kushika kikombe kwa mikono miwili. Nilimpikia chai ya tangawizi. Hakuinywa.

"Uncle, Dad aliniambia kitu before he went," alisema. "Alisema wewe ndiye uliongea kwa ile pipe. Tuesday."

Nikaanza kuomba msamaha, maneno yote ya miaka kumi na mmoja yakanitoka kwa fujo. Akanizuia kwa mkono.

"No, no, Uncle. He knew. Alijua siku ile ile. He said, 'Wanyonyi hawezi hata kunong'ona bila ile lafudhi ya Kibukusu kutoka.' He was trying not to laugh, alikuwa nusu alie juu ya zile chapati. Alicheka kwa basi mpaka nyumbani."

Nilikaa chini. Nilikuwa nacheka na kulia, sijui kipi kilitangulia. Kumbe machozi yale yalikuwa ya kicheko. Kumbe hukudanganyika hata dakika moja, Fundi, ulikuwa unangoja tu nikiri ili unichambe vizuri. Nikamwuliza Jasbir, kama alijua ni mzaha, mbona aliwaita?

Alizungusha kikombe. "That's why I came. Hakuandika kwa sababu ya Tuesday. Tuesday ilikuwa ya kucheka. Ni Thursday. Alipanda tena kwa ile room, akapiga hodi tena, just to see kama utarudia. Na ukajibu. But he said hiyo siku hukufanya sauti ya mchezo. Ulisema polepole, 'Karibuni. Karibuni wote, na mtoto.' He said it was the kindest voice. Akaketi kwa kitanda akaandika kwa Mum hapo hapo, akatuma lunchtime. Halafu jioni Frank akamwambia hukuja kazini."

Nilishika birika ya chai, nikaiweka tena mezani.

"He thought labda ulikuja ukajificha. Alitaka kukuuliza maisha yake yote, Uncle. Aliogopa jibu." Alininyanyulia macho yake, yakawa ya mtoto yule aliyeshikwa mkono mlangoni. "So I'm asking you. Thursday pia ilikuwa wewe?"

Alhamisi ile, Fundi, nilikuwa kitandani hapa Lozells. Homa ilinishika Jumatano usiku na sikuinuka mpaka Jumapili. Mama mwenye nyumba aliniletea supu na kunibadilishia shuka. Sikutia mguu kwenye nyumba ile, na hapakuwa na mtu mwingine ndani yake anayejua neno moja la Kiswahili.

Nilimtazama binti yako. Niliwaza juu ya mama yake pale mlangoni, na vitanda, na vimo viwili vilivyoishia mwezi mmoja. Niliwaza atakavyobeba jambo hili, akiwa peke yake sasa, ajiulize kila majira ya baridi ni nani aliyewaita na alikuwa anawatakia nini, na kwa nini alimtaja mtoto.

"Ndiyo," nilimwambia. "Ni mimi. Nilichelewa kufika, nikamwogopa Frank, nikajificha jikoni. Nilimaanisha kila neno. Nilitaka mje."

Alinitazama sana. Kisha mabega yake yakashuka, akafumba macho, akasema, "Thank you, Uncle. Mimi nimekuwa nikiogopa tangu aniambie." Akainywa chai yote, akaomba nyingine, akanisimulia habari za mtihani wake wa uuguzi. Alipoondoka alinikumbatia kama mtu wa kwao.

Kwa hiyo jambo hilo limekwisha, na ni langu. Nilitubu la Jumanne ambalo hukuwa na kinyongo nalo, na nimelichukua la Alhamisi ambalo sikulifanya. Mama Jasbir aliitwa na mimi. Atakayeuliza nitamjibu hivyo mpaka nife, na mbele ya Mungu nitajaribu kusema hivyo hivyo nisikonyeze jicho.

Wewe tu nimekwambia ukweli. Na kama huko ulikokwenda umekwisha kukutana na aliyekujibu siku ile, Fundi, nakuomba kwa chapati zote ulizonilisha, usinitajie ni nani.

Mdogo wako wa ugenini,
Wanyonyi